Kabla ya Kisu: Kazi ya Mchunguza Mizoga

Ng'ombe akifa ghafula Kimilili, shauri la kwanza huwa ni nani mwenye kisu kikali. Mwenye boma hukubali kwa uchungu, maana maziwa yamekwisha na karo ya watoto i karibu; nyama, angalau, isipotee. Lakini yuko mtu ambaye angependa kuulizwa kwanza, naye ni daktari wa mifugo ambaye kazi yake ni kuchunguza mizoga.

Huyu hatibu. Yeye hutafuta kilichomwua mnyama mmoja ili wenzake wapone. Kazi hii si ngeni nchini Kenya: maabara ya Kabete ilianzishwa mwaka 1910, na Montgomery, aliyefanya kazi huko, ndiye aliyeandika mwaka 1921 habari za homa ya nguruwe ya Afrika, ile iliyofika hata Uchina mwaka 2018.

Tutazame ndigana kali, iletwayo na kupe wakaao masikioni. Tezi iliyo chini ya sikio huvimba, homa hupanda, na mwisho povu hutoka puani kwa kuwa mapafu yamejaa maji. Majimaji kidogo ya tezi hupakwa juu ya kipande cha kioo na kutiwa rangi, na kwa darubini vijidudu huonekana ndani ya chembe nyeupe za damu. Hapo mwenye boma ajua kwamba adui yake ni kupe, wala si jirani mwenye kijicho.

Kimeta ni jambo la kutisha zaidi. Ng'ombe aliyekula vizuri jioni hukutwa asubuhi amekufa, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani na nyuma. Huyu hata mchunguzi hampasui. Huchukua damu kidogo tu ya sikio. Vijidudu vya kimeta vikibaki ndani ya mzoga mzima, hufa kwa kuoza kwake. Vikipata hewa, hujifanyia ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi, vikingoja ng'ombe mwingine. Mchunaji naye hupata kidonda cheusi mkononi, na walaji wengine hufa.

Kwa hiyo afisa wa mifugo na aitwe upesi, naye apeleke kioo chake katika maabara ya Eldoret. Wakati wa kungoja, mbwa wafungwe, ngozi isichunwe, na mzoga usiburutwe malishoni. Ikiwa ni kimeta, uchomwe au ufukiwe chini sana hapo hapo ulipolala.