KISWAHILI HAKIISHI DARASANI: Mgeni mwanafunzi apandapo milima ya Usambara

Na Mwandishi Wetu

Mtu atakaye lugha ya watu hana budi kuifuata iliko. Kitabu humpa sarufi na mwalimu humsahihisha matamshi, lakini salamu, utani na bei ya kabichi havifundishwi ubaoni vikaeleweka. Wahispania wamelijua jambo hili tangu zamani. Vijana wa nchi za nje wanaokwenda kujifunza Kihispania katika mji kama Salamanca, wenye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1218, husoma asubuhi. Ikifika alasiri huongozwa kwenda sokoni, katika makumbusho na katika viwanja ambamo wenyeji hukaa kuzungumza. Matembezi hayo huhesabiwa kuwa sehemu ya masomo.

Nasi tunao wanafunzi wa namna hiyo. Wageni wamekuwa wakifundishwa Kiswahili huko Makoko, Musoma, tangu miaka ya 1960. Zanzibar nayo ilianzisha Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni mwaka 1979. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepokea wengi. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliitenga tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Je, mgeni huyu akimaliza darasa lake tunampeleka wapi? Wengi hupelekwa kutazama wanyama mbugani, na wanyama, ndugu msomaji, hawasemi Kiswahili.

NJIA YA GARE

Iko safari nyingine isiyo na gharama kubwa. Basi likiiacha barabara kuu pale Mombo hupanda mlima kwa kona nyingi, likapita Soni na kufika Lushoto, mwendo wa kilomita 33 hivi. Kutoka hapo njia za miguu huelekea vijijini, na mojawapo ni ya Gare, ambako watawa wa Trapisti waliotoka Mariannhill, Afrika Kusini, walianzisha misheni mwaka 1897. Tangu miaka ya 1990 wilaya hii imekuwa na mpango wa utalii wa utamaduni, ambao humwezesha mgeni kutembea na kijana mwenyeji aijuaye njia na wenye mashamba.

Nyumbani watu wa huku husema Kisambaa. Kiswahili wamekipata shuleni, sokoni na katika shughuli za taifa. Kwa mwanafunzi hilo ni faida. Mkulima ambaye naye alijifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama yake huvumilia kosa la mwenzake, na hurudia neno taratibu bila kucheka. Mgeni naye akijua kusema "Onga mshi" mchana, na "hongea" anaposhukuru, hufunguliwa mlango kabla hajabisha.

NENO NA MAHALI PAKE

Njiani kila neno lina mahali pake. Kamusi itamwambia mwanafunzi kwamba "tuta" ni udongo ulioinuliwa. Katika mteremko wa Usambara atasikia zaidi: kwamba serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko, kwamba watu walikataa kwa kuwa kazi ilikuwa nzito na amri haikuwa yao, na kwamba mpango huo uliachwa katika miaka ya 1950, kabla ya Uhuru. Baada ya hapo neno "tuta" halimtoki tena.

Akisimama juu ya jabali la Irente huona chini yake, umbali wa mita zipatazo elfu moja, Mazinde na uwanda wa Wamasai ukinyooka hadi macho yachoke. Wasambaa waliigawa dunia yao mara mbili: Shambaai, ndiyo milima yenye mvua na migomba, na nyika, ndiyo bonde kavu. Mwanafunzi aliyekariri neno "nyika" kwa miezi miwili hapo hulielewa kwa dakika mbili.

Mazinde palitawaliwa na Semboja, na mmoja wa waliopata kumtumikia ni Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy, aliyeandika kwa Kiswahili kitabu cha "Habari za Wakilindi". Humo yamo masimulizi ya Mbegha, mwindaji aliyefukuzwa na nduguze kule Ungulu, akaja milimani, akawagawia watu nyama ya nguruwe mwitu, na mwisho akafanywa mfalme. Mgeni akisoma kurasa chache usiku, kesho yake aulize wazee, atasikia kisa kile kile kwa vinywa mbalimbali. Hapo amepata darasa la historia na la lugha kwa pamoja.

Siku za gulio la Lushoto, Alhamisi na Jumapili, masomo huwa ya hesabu na ya adabu. Kuna karoti, viazi, mapeasi na mnavu, mboga ambayo kwingine huitwa mnafu. Kupunguziwa bei kunataka maneno matamu, nayo hayapatikani kwa kunyoosha kidole.

KOSA LETU

Lakini liko jambo linaloharibu safari hizi, nalo latoka kwetu. Mgeni husema, "Shikamoo, mzee, naomba kuuliza njia," naye hujibiwa kwa Kiingereza cha kubabaisha. Watoto humkimbilia na neno moja tu, la kuomba fedha. Jioni hurudi akiwa amepiga picha nyingi na kusema machache. Amesafiri maelfu ya kilomita kuitafuta lugha yetu, nasi tumemnyima kwa kudhani kwamba tunamheshimu. Heshima ya kweli ni kumjibu kwa lugha aliyoijia. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu jembe lake ni Kiswahili. Apewe tangu siku ya kwanza.

Wajibu uko kwa mgeni pia. Aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, avae kwa staha, na malipo ya mwongozaji na ya chakula yakubaliwe mapema na kutolewa wazi, ili mama aliyepika ugali na maharage asisahauliwe.

Tena sisi wa mijini tujiulize. Ni wazazi wangapi wa Dar es Salaam au Tanga wanaonunua kabichi za Lushoto kila wiki, na watoto wao hawajaliona shamba lake? Likizo ijayo, badala ya kuwaacha watoto mbele ya televisheni, familia inaweza kupanda basi la Lushoto na kulala siku mbili. Ni aibu kwa mtoto wetu kuulizwa na mgeni jina la mti wa nchi yake mwenyewe, akakosa la kujibu.