Toka Kinshasa hata Lubumbashi: ni mwendo wa saa ngapi?

Mzazi aliye Lubumbashi apata habari: mwanawe ataondoka Kinshasa kwa ndege saa mbili ya asubuhi, naye atafika saa tano na dakika 20. Ahesabu kwa vidole, kisha asema: «Basi, atakaa angani saa tatu na dakika 20.» Kutoa ametoa vema, lakini jibu si la kweli. Kwa nini? Wasomaji wapenzi, tulitazame jambo hili polepole.

Kwanza, umbali. Tangu uwanja wa Ndjili, Kinshasa, hata uwanja wa Luano, Lubumbashi, kwa mstari ulionyoka, ni kilometa 1,550 hivi. Zamani msafiri alipanda gari la moshi toka Katanga mpaka Ilebo, ambako reli ilifika mwaka wa 1928. Kisha akashuka kwa meli katika mto Kasai na mto Kongo. Njia hiyo ilidai siku nyingi. Ndege haizungukii mto wala kilima.

Pili, mwendo. Ndege kubwa ya siku hizi, ikiwa juu, yaenda karibu kilometa 800 kwa saa. Gawanyeni: mtapata saa mbili kasoro kidogo. Lakini ndege haianzi kwa mbio hiyo. Hupanda taratibu, tena hupunguza mwendo itakapo kushuka. Kwa hiyo hesabuni saa mbili na dakika 20 hivi.

Basi ile saa moja iliyozidi yatoka wapi? Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa. Lubumbashi iko mashariki ya Kinshasa kwa nyuzi 12, nalo jua huitangulia kwa dakika 48 hivi. Na kwa kuwa saa za nchi yetu zimepangwa kwa saa nzima, Lubumbashi iko mbele saa moja kamili. Tiketi huandika kuondoka kwa saa ya Kinshasa, na kufika kwa saa ya Lubumbashi. Katika kurudi mambo hugeuka: aondokaye Lubumbashi saa mbili ya asubuhi hufika Kinshasa saa tatu na dakika 20, kana kwamba aliruka saa moja na dakika 20 tu!

Jambo hili si mchezo wa darasani. Mgeni atokaye Kinshasa asiporekebisha saa yake ya mkono, siku ya kurudi atafika Luano akidhani yu mapema, kumbe ndege imekwisha kuruka. Na nauli iliyochangwa na ukoo mzima yaweza kupotea. Kuuliza si ujinga. Mtu akikutajia saa ya safari, umwulize kwanza: «Saa ya wapi?»