Anayetiiwa Ni Trafiki, Si Sheria

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, kabla hujafika Chalinze utakuwa umeshawashiwa taa mara kadhaa na madereva usiowajua. Lori linakuja, linapiga taa mbili za haraka, nawe unaelewa bila kuambiwa: mbele kuna trafiki na tochi ya kupimia mwendo. Unashuka hadi 50, unapita kijijini kwa adabu zote, unampungia afande mkono, na ukishatoka machoni pake unakanyaga mafuta. Kisha zamu yako inafika, nawe unawawashia wanaokuja.

Desturi hii imeenea mno kiasi kwamba hatuishangai tena, na wengi huihesabu kuwa wema wa barabarani. Kwa sisi tunaofuatilia mwenendo wa madereva, ni ushahidi mzito kuliko dodoso lolote. Dereva wa lori la saruji na mwenye gari dogo anayewahi msiba Iringa hawafahamiani wala hawatakutana tena, na bado wanasaidiana. Wanasaidiana dhidi ya nani? Dhidi ya mtu aliyewekwa pale ili mtoto wa shule avuke salama. Hali hiyo inafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu watu wanafia ndani yake.

Tuanze na lisilo na ubishi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa mabasi na magari makubwa yakiwa nje ya maeneo hayo. Wako madereva wanaoamini kuwa 50 ilichaguliwa ili watu wakamatike. Hesabu inasema vingine. Gari linalokwenda 50 linakula takriban mita 14 kila sekunde. Linalokwenda 80 linakula 22. Chukua barabara kavu, breki nzima, na dereva aliye macho ambaye mguu wake unafika kwenye breki sekunde moja baada ya kumwona mtoto. Wa 50 atasimama kabisa ndani ya mita 30 hivi. Wa 80, akifika pale pale mwenzake aliposimama, bado anakwenda zaidi ya 70. Hapo hatuzungumzii tena kuumia mguu. Kwa mwendo huo uwezekano wa mtembea kwa miguu kufa ni mkubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Namba ya 50 imewekwa kwa ajili ya hao.

Madereva wanalijua hilo, angalau kwa sehemu. Kaa kijiweni na watu wa daladala, au sikiliza mazungumzo ndani ya basi baada ya kusimamishwa. Husikii mtu akisema watoto wagongwe. Husikii akidai walevi waachwe waendeshe. Unachosikia ni: "Alikuwa amejificha nyuma ya mti." "Kibao cha kumaliza 50 kimeng'olewa, ningejuaje?" "Hawa wanatafuta hela tu." Na lile linalouma kuliko yote: "Mimi mtu mzima ananifokea mbele ya wanangu." Hakuna hata moja kati ya malalamiko haya linaloipinga sheria yenyewe. Yote yanapinga namna inavyosimamiwa.

Mwanasaikolojia wa Marekani Tom Tyler alilishughulikia jambo hili kwa kina kuliko watu wengi. Mwaka 1984 alihoji wakazi 1,575 wa Chicago kuhusu polisi, mahakama na utii wao wa sheria, na mwaka 1990 akatoa kitabu kilichobadili fikra za wataalamu wa fani hii. Alikuta kwamba kinachomfanya mtu wa kawaida atii sheria asipoonekana si woga wa adhabu kwa kiasi tulichodhani. Ni imani kwamba wenye mamlaka wana haki ya kumwongoza. Imani hiyo hujengwa au kubomolewa na jinsi mtu alivyotendewa: je, alisikilizwa? Je, aliambiwa sababu? Je, angetendewa vivyo hivyo kama angekuwa na gari la kifahari? Je, aliheshimiwa? Mtu anaweza kutozwa faini akaondoka akiamini alitendewa haki. Anaweza pia kusamehewa na kuondoka akimdharau aliyemsamehe.

Woga hauna kazi kabisa? Unayo, ila huchakaa haraka usipotunzwa. Mwezi Oktoba 1967 Uingereza ilianza kupima ulevi wa madereva kwa pumzi. Tangazo lilikuwa kubwa, watu wakaogopa, na ajali za usiku zikapungua sana. Baada ya muda walevi waligundua kuwa uwezekano wa kupimwa ni mdogo kuliko walivyodhani, na faida ile ikayeyuka kidogo kidogo. Jirani zetu wa Kenya walipita njia hiyo hiyo. Februari 2004 Waziri John Michuki alizibana matatu kwa kanuni mpya: vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mikanda kwa kila kiti, mstari wa njano ubavuni, sare kwa dereva na utingo. Matatu zilisusa, abiria wakatembea kwa miguu, na kisha barabara zikatulia kwa kipindi. Msukumo ulipolegea, mikanda ikageuka kitu cha kufungwa kizuizi cha polisi kikikaribia na kufunguliwa baada ya kukipita. Utii unaotegemea macho ya askari huishia pale macho hayo yanapoishia.

Hapa kwetu kuna kinachozidisha ubaya. Faini ya kosa la gari imewekwa kisheria. Mara nyingi mno mazungumzo hayafiki kwenye faini, kwa sababu noti imekunjwa ndani ya leseni na neno limeshasemwa: "Afande, tuyamalize hapa hapa." Tunapolizungumza hili tunahesabu fedha ambazo Serikali imekosa. Mimi naona hasara kubwa iko kichwani mwa dereva. Ameondoka akiwa amejifunza kuwa mwendo wa hatari una bei, bei hiyo hupatanwa, na aliyempa somo hilo ni mwenye sare. Kesho yake hatapunguza mwendo. Atahakikisha ana noti ndogo mfukoni. Na trafiki waaminifu, ambao wapo na nawaheshimu, wanalipia dhambi isiyo yao. Mmoja wao akiandika faini halali, dereva anamwona mkali wa kutafuta dau kubwa. Akitoa onyo na kumruhusu mtu aende, dereva anajiuliza amemwogopa nani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani tiba ni kupandisha faini. Adhabu kubwa isiyo na uhakika huongeza hamu ya kupatana tu, kwani kadiri faini inavyokuwa nzito ndivyo rushwa inavyoonekana nafuu. Mwaka 2021, katika bajeti ya Serikali, faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Wapo waliosema ni kuwadekeza vijana. Kwangu ulikuwa uamuzi wa busara, maana kijana ambaye faini inameza faida yake ya siku nzima hukimbia askari, na bodaboda anayemkimbia askari katikati ya watu ni hatari kubwa kuliko asiyevaa kofia.

Sasa kuhusu heshima, ambayo wengi huiona jambo la mapambo. Katika jimbo la Queensland, Australia, Lorraine Mazerolle na wenzake walifanya jaribio kwenye vituo 60 vya kupima ulevi barabarani. Katika nusu ya vituo, polisi walifanya kazi kama kawaida. Katika nusu nyingine walipewa maneno ya kusema: kumweleza dereva kwamba hakuchaguliwa kwa kuonewa, kumwambia kwa nini upimaji upo, kumuuliza anadhani polisi washughulikie nini katika eneo lake, na kumshukuru. Mazungumzo hayo hayakuzidi dakika chache. Madereva waliosimamishwa kwa namna hii waliwaona polisi kuwa wa haki zaidi kuliko wenzao wa vituo vingine walivyowaona, na walikuwa tayari zaidi kushirikiana nao.

Habari ingeishia hapo ingekuwa tamu. Uskoti walijaribu jambo hilo hilo miaka michache baadaye, na matokeo yakageuka: pale maneno mapya yalipotumika, madereva waliridhika kwa kiwango cha chini kuliko wenzao wa penginepo, na imani yao kwa askari waliowasimamisha ikapungua. Watafiti walipowarudia polisi walikuta chanzo kimojawapo ni jinsi agizo lilivyowashukia. Askari hawakuelezwa vizuri wala kushirikishwa, waliona wanadharauliwa na wakubwa wao, na kinyongo hicho kilipenya hadi dirishani kwa dereva.

Matokeo ya Uskoti nayaona yana uzito zaidi kwetu kuliko ya Queensland. Trafiki wa Tanzania anasimama juani saa nyingi, anavuta moshi wa malori, na ajali ikitokea ni yeye anayefika mapema kutoa miili kwenye vyuma. Akirudi kituoni, anapimwa kwa nini? Kama kipimo ni idadi ya faini alizoandika, tusishangae akijificha nyuma ya mti, kwa sababu mtini ndiko faini zinakopatikana. Kipimo kikiwa ni ajali zilizopungua katika kipande chake cha barabara, yeye mwenyewe atatoka aonekane, atadai kibao kilichong'olewa kirudishwe, na atafurahi dereva akipunguza mwendo hata kama hakuna aliyeandikiwa. Semina ya lugha nzuri kwa mteja haiwezi kufanya kazi hiyo.

Teknolojia inasaidia pale inapoondoa mapatano. Kulipa faini kwa namba ya malipo kupitia simu, na dereva kuweza kuangalia mwenyewe deni la gari lake kwenye mfumo, ni hatua nzuri. Kifaa cha LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, kinachofuatilia mwendo wa basi safari nzima ni bora zaidi ya tochi kumi, kwa sababu hakisahau kati ya kijiji na kijiji, na hakimjui dereva. Ila picha iliyopigwa kijiji kimoja ikatumwa kwa simu hadi kizuizi cha mbele, dereva akaonyeshwa kwa sekunde mbili kisha simu ikarudi mfukoni, haimshawishi mtu hata ikiwa ni ya kweli. Aonyeshwe namba ya gari lake, mwendo, mahali na saa, na apewe nafasi ya kuuliza.

Halafu kuna abiria, ambaye sheria zetu zimemsahau kama msaidizi. James Habyarimana na William Jack, wachumi wa Chuo Kikuu cha Georgetown, walibandika ndani ya matatu za Kenya vibandiko vinavyowahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha ovyo. Madai ya bima ya matatu hizo yalipungua kwa nusu au zaidi katika jaribio la kwanza, na jaribio kubwa lililofuata likaonyesha upungufu wa robo hadi theluthi. Vibandiko ni karatasi tu. Kilichobadilika ni kwamba dereva alianza kuona mwendo wake unawahusu watu kumi na wanne waliokaa nyuma yake, ambao hawawezi kupewa noti iliyokunjwa.

Wewe dereva unayesoma, unayo sehemu yako isiyomsubiri Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP). Ukisimamishwa, uliza kwa upole kosa lako ni lipi na uombe kuona kipimo. Kama umekosa, kubali, uandikiwe, ulipe kwa namba ya malipo. Ukiona kibao kimeanguka, toa taarifa kwa wakala wa barabara, TANROADS. Na kumbuka kuwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa sawasawa na anayepokea. Ukiombwa rushwa, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana nayo, ni 113, na kuipiga ni bure.