Mandhari ya Mjini: Zaidi ya Jina la Mahali

Akiulizwa aeleze mandhari, mtahiniwa wengi huandika hivi: "Hadithi inatendeka mjini." Hapo ametaja mahali tu. Mandhari hujumuisha mahali, wakati na hisia za wahusika kuhusu mahali hapo.

Hebu tutazame Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1969. Kwa mgeni, hii ni nyasi, miti na ziwa dogo. Hata hivyo, mwaka wa 1989 Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga humo jumba la orofa 60, na hatimaye mpango huo ukaachwa. Mwaka wa 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walisusia chakula katika pembe moja ya bustani hiyo wakidai wana wao waachiliwe. Mwaka wa 2010, Katiba mpya ilizinduliwa humo humo.

Je, mama aliyekesha pale na mpiga picha aliyepata karo ya wanawe pale wanaiona bustani moja? La hasha! Mmoja hukumbuka uchungu na ujasiri, mwingine, riziki.

Basi mwalimu, wahimize wanafunzi wajiulize: Mhusika alitenda au alitendewa nini hapa? Huhisi nini anaporudi? Akinyang'anywa mahali hapa, atapoteza nini? Swali hili la mwisho ndilo huyafungua maudhui. Nawe mtahiniwa, thibitisha kila hoja kwa tukio kutoka kitabuni.