Kuhesabu Elektroni Bila Kuzigusa

Taa ndefu ya bomba inayomulika duka la Gitega au la Muyinga, nchini Burundi, ina gesi ya argoni na mvuke kidogo wa zebaki. Umeme ukipita humo, baadhi ya atomi hupoteza elektroni na gesi huwa plazma, jina lililotolewa na Irving Langmuir wa Marekani mwaka 1928. Anayetaka kujua zimo elektroni ngapi anaweza kuingiza waya mwembamba na kupima mkondo, kama alivyofanya Langmuir mwenyewe. Tatizo ni kwamba waya huo hunyonya elektroni zilezile zinazohesabiwa, tena bomba lazima litobolewe. Maikrowevu hupima vizuri zaidi kwa sababu hupenya kioo na kuiacha plazma karibu kama ilivyokuwa.

Elektroni zikisukumwa upande mmoja, ioni, yaani atomi zilizopoteza elektroni, huzivuta zirudi; hupitiliza, zikavutwa tena, kama bembea. Masafa ya kuyumba huko hufuata wingi wa elektroni: zikiongezeka mara 4, masafa huongezeka mara 2. Penye elektroni bilioni 100 katika sentimita moja ya ujazo, masafa ni gigahezi 2.8 hivi, jirani na yale ya jiko la maikrowevu. Mpimaji huelekeza mawimbi kwenye bomba na kubadilisha mkondo wa taa polepole. Mawimbi yakianza ghafla kurudi kwa nguvu, amefikia resonansi, yaani mawimbi yameafikiana na kuyumba kwa elektroni.

Mpinzani atasema kipimo hiki kinadanganya: katika bomba la mviringo resonansi hushuka hadi masafa ya kuyumba kwa elektroni kugawanywa kwa 1.41, kioo hushusha zaidi, na tangu kazi za watafiti Tonks mwaka 1931 na Dattner mwaka 1957 inajulikana kwamba vilele vya resonansi huwa vingi. Yote ni kweli, lakini athari ya umbo na kioo hukokotolewa, na vilele vya ziada hueleza elektroni zimetawanyika vipi kutoka katikati hadi ukutani. Na asidhani haya ni ya maabara za mbali tu. Kati ya Gitega na Muyinga hakufiki kilomita 100 kwa mstari wa moja kwa moja, hivyo redio ya mawimbi mafupi inayotegemea anga ya juu, ambayo nayo ni plazma, hurusha wimbi karibu wima. Penye elektroni milioni 1 katika sentimita ya ujazo huko juu, wimbi la wima linalozidi megahezi 9 halirudi. Usiku elektroni hupungua, na mrushaji hulazimika kushusha masafa.