Si Kila Anayeanguka Ana Kifafa

Hapa Tosamaganga na vijiji vya jirani, mtoto akianguka ghafla na kutupatupa mikono, neno la kwanza tunalolisikia ni kifafa. Mara nyingi ni kweli. Lakini wapo wachache ambao ugonjwa wao hauko kichwani, bali katika umeme wa moyo.

Moyo hupiga kwa umeme mdogo unaotoka ndani yake wenyewe. Baada ya kila pigo, chembe zake lazima zijaze umeme upya, kama betri, na kazi hiyo huchukua karibu sehemu nne za kumi za sekunde. Mwendo wake huongozwa na neva za namna mbili ambazo sisi hatuziamuru. Za kwanza huuharakisha moyo tukishtuka, tukikimbia au tukikasirika. Ya pili, iitwayo vagasi, ni breki, na hufanya kazi zaidi tukipumzika. Kwa mtu mwenye afya, moyo ukienda mbio, muda wa kujaza umeme nao hufupika. Kwa aliyerithi kasoro fulani, haufupiki inavyotakiwa. Pigo jipya huzikuta chembe hazijawa tayari, umeme huvurugika, moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu, na mtu huzirai. Usipotulia, hufa.

Mwaka 1957 huko Norway, madaktari Jervell na Lange-Nielsen walieleza habari za familia moja yenye watoto sita. Wanne walikuwa viziwi na wakizirai. Watatu kati yao walikufa ghafla, wakiwa na miaka 4, 5 na 9. Baadaye ikajulikana kwamba hata wanaosikia vizuri hupatwa. Mwaka 1971 madaktari Moss na McDonald wa Marekani walieleza jinsi walivyomtibu mgonjwa kwa kukata neva za kuharakisha moyo, za upande mmoja tu. Hapo neva zilikamatwa na ushahidi, tungesema! Siku hizi wengi hawahitaji kisu: propranolol, dawa ya zamani na ya bei nafuu, huzituliza neva hizo.

Je, mzazi atatambuaje? Aangalie mtoto alikuwa akifanya nini kabla ya kuanguka. Aliyezirai akikimbia, akiogelea mtoni, au aliposhtuliwa na kelele, ashukiwe moyo. Aulize pia kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, maana katika familia nyingi kifo cha namna hiyo husemwa ni kurogwa na uchunguzi huishia hapo. Mwenye kifafa huamka amechoka na amechanganyikiwa kwa muda. Wa moyo mara nyingi huamka upesi, akili timamu. Kutetemeka kwaweza kuonekana kwa wote wawili.

Mambo hayo aelezwe mganga hospitalini, na aombwe kipimo cha ECG. Hakiumi, nacho humalizika kwa dakika chache. Mwenye tatizo huweza kupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na ndugu zake wapimwe pia. Kila anapotibiwa aseme hali yake, kwa kuwa kwinini, erithromaisini na dawa nyingine huongeza muda huo wa kujaza umeme. Kuharisha sana nako ni hatari kwake. Anayemeza dawa za kifafa asiziache mwenyewe kwa sababu ya kusoma ukurasa huu; aende nazo kwa mganga.