Mgonjwa Huyu ni wa Daftari Gani?

Kwenye benchi la kusubiri katika kituo cha afya cha Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, ugonjwa mmoja una majina matatu. Mwenyeji wa Isingiro anauita silimu, jina lililotokana na neno la Kiingereza "slim" katika miaka ya 1980, wagonjwa walipokuwa wakikonda hadi kubaki ngozi na mifupa. Aliyetoka Fizi au Masisi, mashariki mwa Kongo, anauita SIDA, kama alivyousikia kwa Kifaransa. Mrundi aliyewahi kuishi katika kambi za Kigoma anauita Ukimwi. Muuguzi ni Mnyankole, mgonjwa ni Mbembe, na inapofika saa ya kuelezana vidonge vimezwe vipi, wanakutana kwenye Kiswahili. Kwa Waganda wengi lugha hii ilibeba kwa miaka mingi kumbukumbu ya askari na vizuizi vya barabarani. Inanipa faraja kwamba hapa imepata kazi nyingine.

Majina matatu hayamdhuru mtu. Kinachomdhuru ni daftari: anahesabiwa wapi, na nani anayeagiza dawa kwa ajili yake?

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda walipopewa hifadhi kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Leo makazi hayo yamegawanywa katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, na ndani yake wanaishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine, zaidi ya watu laki moja na nusu. Hakuna ukuta wala seng'enge. Mkimbizi hupewa kipande cha ardhi, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu kutembea, kufanya kazi na kutumia huduma za umma. Anaweza kuamka Juru, akauza vitenge Mbarara mchana, na wiki ijayo akawa Kampala. Uhuru huo ni jambo jema, lakini mfumo wa afya uliojengwa kwa watu wanaokaa mahali pamoja unapata shida nao.

Kiutawala, Nakivale ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara hadi mwaka 2005, Isingiro ilipomegwa kuwa wilaya inayojitegemea. Ofisi za wilaya zilihamia Isingiro, lakini hospitali ya rufaa ya mkoa, maabara kubwa na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia vikabaki mjini Mbarara, mwendo wa kama kilomita 60. Tangu mwanzo, basi, mgonjwa wa Nakivale amekuwa na wakuu wengi. Ardhi anayoishi iko chini ya kamandanti wa Ofisi ya Waziri Mkuu. Kituo anachotibiwa kimeendeshwa kwa muda mrefu na shirika lisilo la kiserikali kwa fedha za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na wafadhili wengine. Afisa Afya wa Wilaya ndiye mwenye dhamana ya takwimu na ubora. Akizidiwa, anapelekwa Mbarara, kwa uongozi mwingine kabisa.

Ili kuelewa kwa nini wilaya ina uzito mkubwa hivi, turudi nyuma kidogo. Ugonjwa wa silimu ulielezwa kwa mara ya kwanza katika jarida la kitabibu mwaka 1985, na wagonjwa waliochunguzwa walitoka Rakai, wilaya inayopakana na Isingiro upande wa mashariki. Serikali ya Uganda ilianzisha mpango wa kudhibiti Ukimwi mwaka 1986, Noerine Kaleeba na wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kuwahudumia wagonjwa, mwaka 1987, na Tume ya Ukimwi ikaundwa mwaka 1992. Haya yanasimuliwa sana, na yanastahili. Kinachosimuliwa kidogo ni Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, iliyohamishia vituo vya afya mikononi mwa wilaya. Tangu hapo mapambano dhidi ya Ukimwi yamekuwa kazi ya watu ambao hakuna anayewaimba: karani wa kumbukumbu, mtunza stoo, dereva wa pikipiki anayebeba damu.

Tuchukue dawa zenyewe. Kidonge kinachotumiwa na watu wazima wengi sasa kimeunganisha dawa tatu, tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, na humezwa kimoja kwa siku. Bohari ya Taifa ya Dawa hupeleka shehena wilayani kwa mzunguko wa miezi miwili, na kila kituo huagiza kulingana na idadi ya wagonjwa kiliowaripoti. Hapo ndipo kilipo kitanzi. Watu wakiingia Nakivale mwezi wa kwanza wa mzunguko, oda imeshaondoka. Muuguzi mwenye huruma atamgawia mgeni kutoka kwenye akiba ya wengine, na mwisho wa mzunguko wote watapewa vidonge vya wiki mbili badala ya miezi mitatu. Hakuna aliyeiba wala aliyezembea. Hesabu ndiyo iliyochelewa kuwafikia watu. Na kwa miaka mingi mipango ya wilaya ilitazama raia tu, wakimbizi wakiachiwa mashirika. Mwaka 2019 Wizara ya Afya ilizindua mpango wa kuwaingiza wakimbizi katika mfumo mmoja wa afya ya taifa, na naamini huo ulikuwa uamuzi muhimu kuliko kampeni yoyote ya mabango.

Kuna uvumi ambao lazima ukanushwe kwa takwimu, kwa sababu nimeusikia hata kwa watu waliosoma: kwamba wakimbizi ndio wanaoleta virusi. Utafiti wa kitaifa wa 2020 hadi 2021 ulikuta asilimia 5.8 ya watu wazima nchini Uganda wanaishi na VVU. Utafiti kama huo uliofanywa mwaka 2021 ndani ya makazi ya wakimbizi nchini humo ulikuta takriban asilimia 1.5. Miaka michache kabla, mkoa wa kusini magharibi, ambamo Nakivale imo, ulikuwa na asilimia 7.9. Hata mwaka 2007, mtafiti Paul Spiegel na wenzake walipokusanya takwimu za nchi saba zilizopitia vita, zikiwemo Kongo, Burundi na Uganda yenyewe, hawakupata ushahidi kwamba vita vilipandisha maambukizi. Katika makundi 12 ya kambi waliyoyalinganisha na wenyeji, tisa yalikuwa na maambukizi ya chini zaidi. Mkimbizi anayefika Nakivale mara nyingi anatoka penye virusi vichache na kuingia penye vingi, akiwa hana fedha wala jamaa wa kumtetea. Anayehitaji kulindwa ni yeye.

Idadi ndogo nayo ina ubaya wake. Pale ambapo wagonjwa ni wengi, kila ukoo una mtu anayemeza dawa, na aibu hupungua. Pale ambapo ni wachache, mmoja akionekana mbele ya dirisha fulani, siku fulani ya wiki, mtaa mzima umeshajua. Chupa ya vidonge hulia ukitembea nayo. Katika nyumba ya udongo ya chumba kimoja, dawa za miezi sita ni chupa nyingi za kuficha. Ndiyo maana wapo wanaoacha kituo kilicho jirani na kupanda taksi hadi Mbarara, wakatibiwe mahali ambapo hakuna anayewafahamu. Nauli ikikosekana, wanakosa kliniki. Jina lao linabaki kwenye daftari la Mbarara, na kando yake linaandikwa neno moja: mtoro.

Silipendi neno hilo. Mtoro hukimbia. Huyu huenda amehamia Kampala, amerudi Kivu kuzika mzazi, amepelekwa Marekani au Kanada kwa mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu, au anachukua dawa Isingiro kwa jina jingine. Majina yanachanganya kuliko wanavyodhani wanaotunga fomu. Mkongo anaweza kutaja jina la kwanza leo na jina la ukoo kesho, na karani anaandika anavyosikia. Mtu mmoja anakuwa wagonjwa wawili: mmoja mpya, mmoja aliyepotea. Wilaya moja inajisifu kwa kumpata, nyingine inalaumiwa kwa kumpoteza.

Kumlaumu mgonjwa si jambo jipya. Mwaka 2001 Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa USAID, shirika la misaada la Marekani, alitoa hoja kwamba Waafrika wengi wasingeweza kutumia dawa za Ukimwi kwa kuwa hawafuati saa. Jibu lilitoka kwa wagonjwa wenyewe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa asilimia 77 ya wagonjwa wa Afrika waliochunguzwa walimeza dawa zao ipasavyo, dhidi ya asilimia 55 huko Amerika Kaskazini. Mbarara ilichangia ushahidi wa kina zaidi. Kuanzia mwaka 2005, watafiti wa chuo kikuu na wenzao wa kigeni waliwafuatilia watu walioanza dawa katika kliniki ya hospitali ya rufaa, wakitumia chupa ambazo kifuniko chake hurekodi kila kinapofunguliwa. Walichokiona kinaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuishi na shilingi chache: watu wanakosa dozi kwa sababu ya nauli, na kwa sababu ya njaa. Dawa huamsha hamu ya kula. Asiye na chakula huogopa kuimeza.

Kwa hiyo, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipowagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi katikati ya mwaka 2023, wengine wakabaki na asilimia 60 ya mgao, wengine 30, na wengine hawakupata kitu, hilo lilikuwa tukio la Ukimwi hata kama hakuna aliyelitaja hivyo. Afisa Afya wa Wilaya hana mamlaka juu ya posho ya mahindi. Lakini wagonjwa watakaoacha dawa wataonekana kwenye takwimu zake.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mwezi Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, ukiwemo mfuko wa PEPFAR, ambao tangu 2003 ulikuwa mhimili wa huduma za Ukimwi Uganda. Wakati huohuo waasi wa M23 waliingia Goma, kisha Bukavu, na watu wakavuka mpaka wa Bunagana kuelekea kituo cha Nyakabande, Kisoro, kisha kwa mabasi hadi Nakivale. Mwezi Februari Wizara ya Afya iliagiza kliniki zilizokuwa za Ukimwi peke yake ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje na wa magonjwa sugu.

Nimeulizwa kama kuunganisha huko ni kuzuri. Kwa upande mmoja, ndiyo. Benchi moja la wenye presha, kisukari na VVU halimtangazi mtu. Lakini kliniki zile hazikuwa vyumba tu. Zilikuwa na watu waliolipwa na miradi, wengi wao wenyewe wanaishi na VVU, ambao kazi yao ilikuwa kupiga simu: mama, ulikuwa uje Jumanne, kuna nini? Walijua nani amehamia Rubondo na nani anaitwa vingine. Ukiondoa hao, daftari linabaki karatasi. Kama ningekuwa na kura katika baraza la wilaya ya Isingiro, ningeanza na mishahara yao kabla ya kununua gari lolote.

Kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha kwa nini. Tone la damu hukaushwa kwenye karatasi maalumu, hubebwa kwa pikipiki hadi kituo cha kukusanyia sampuli, kisha husafirishwa hadi maabara kuu ya taifa jijini Kampala. Virusi vikiwa havionekani kwenye kipimo, mgonjwa hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hiyo ni habari njema kuliko zote zilizotolewa na sayansi ya ugonjwa huu, lakini inafika kwa karatasi, kwa jina, kwa namba. Majibu yakirudi Nakivale na mwenyewe yuko Mbarara, hakuna wa kumwambia.

Hivyo, kwako unayejiandaa kusafiri, au una ndugu anayesafiri: omba barua ya uhamisho kabla ya kuondoka, nayo iandikwe dawa unazotumia, tarehe ulipoanza na majibu ya kipimo cha mwisho cha virusi. Tumia jina lilelile lililo kwenye cheti chako cha familia, hata kama nyumbani wanakuita vingine. Barua si sharti la kutibiwa. Ukifika bila hiyo, sema wazi kwamba tayari unatumia dawa, usijifanye mgeni ili uandikishwe upesi. Na kama umekimbia usiku na hukubeba karatasi yoyote, ile chupa iliyobaki mfukoni usiitupe hata ikiwa tupu. Lebo yake inamweleza muuguzi dawa gani akupe.